Ngozi ya mbuzi aliyegongwa barabarani: manyoya yananyofoka, inanuka, mnunuzi anaikataa. Shida iko wapi?

Mimi nanunua ngozi kwenye barabara ya Morogoro–Dodoma, upande wa Gairo mpaka Kibaigwa, na hapa kwetu mifugo inavuka lami kila siku asubuhi na jioni, kwaiyo kugongwa kupo tu. Mtu anaamka alfajiri anakuta mbuzi wake watatu wamelala kando ya barabara, fuso lishapita zamani, nyama hailiki, na kitu pekee kinachoweza kumrudishia hata hela kidogo ni ngozi. Inaniuma sana nikiona ngozi nzuri inatupwa, na inaniuma zaidi mtu anapoiletea jasho alafu inafika kwangu imeshaoza. Ngozi nyingi zinazokataliwa hazikuharibiwa na tairi, zimeharibiwa na masaa yaliyofuata baada ya tairi. Ndio maana naandika hapa dalili moja baada ya nyingine na chanzo chake, ujue ipi inaokoleka na ipi uiache ipumzike.

Kabla hujashika kisu

Kwanza, ni mnyama gani? Kama ni digidigi, swala, pundamilia, fisi, mbweha, chui au chochote cha porini, usiguse. Kwa Tanzania hiyo ni nyara ya serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, haijalishi amegongwa na gari au amekufa mwenyewe, na kukutwa na ngozi yake ndani ni kesi nzito sana. Toa taarifa kwa maliasili au polisi alafu endelea na safari yako. Wanaopita Mikumi wanajua, barabara inakatiza hifadhi kilomita 50 hivi na faini za kugonga kila mnyama zimeandikwa kabisa. Kenya nako ni hivohivo, kuna sheria ya 2013 na KWS, shirika lao la wanyamapori, hawana mchezo na hilo. Wenzetu wa Marekani kwenye baadhi ya majimbo mtu anaruhusiwa kuokota mbweha au rakuni aliyegongwa akachuna akauza manyoya yake, ila kwa vibali, na ni kwao. Video zao zisikudanganye ukafanya huku.

Pili, una uhakika amegongwa? Hapa naomba unisikilize vizuri. Sio kila mzoga ulio kando ya barabara umeuawa na gari, mwingine amekufa na ugonjwa, gari likampitia akiwa ameshakufa. Ukiona damu nyeusi inatoka puani, mdomoni au sehemu ya haja na haigandi, tumbo limevimba haraka sana, na mwili haujakakamaa kama kawaida ya mfu, hicho kinaweza kuwa kimeta. USIPASUE. Vijidudu vya kimeta vikikutana na hewa vinajitengenezea ganda, vinakaa kwenye udongo miaka na miaka, na vinasafiri na ngozi mpaka kwa mtu wa mwisho anayeishika. Mkononi vinatoa kidonda chenye kigaga cheusi ambacho wala hakiumi sana, ndio maana watu wanachelewa hospitali. Mwite afisa mifugo, mzoga uzikwe shimo refu au uchomwe, na ngozi yake usiisikitikie hata kidogo.

Aliyegongwa akiwa hai utamjua: mikwaruzo mibichi, mfupa umevunjika, vipande vya taa au vioo jirani, na ukishachuna unakuta damu imevilia na kuganda chini ya ngozi pale alipopigwa. Aliyekanyagwa akiwa ameshakufa hana hiyo damu iliyoganda. Ukianza kuchuna ukakuta mifupa imevunjika ila hakuna damu iliyovilia popote, simama hapohapo, nawa, piga simu.

Vaa glovu hata kama huna shaka. Sisi watu wa Dodoma na Morogoro homa ya bonde la ufa ya 2007 hatujaisahau, na ile mtu anaipata kwa kushika damu na mizoga.

Tatu, mwenye mnyama. Mbuzi ana mwenyewe hata kama hayupo. Mtafute yeye au mwenyekiti wa kitongoji, piga picha alama ya sikio au chapa, ndio uchune. Nimeona ugomvi mkubwa kwa ngozi ya mbuzi mmoja tu.

Na kwa ndugu zangu Waislamu wanaoniulizaga kila mara kama ngozi ya kibudu inafaa: ipo hadithi mashuhuri ya kondoo aliyepewa mtumishi wa bibi Maymuna, akafa, Mtume (s.a.w) akauliza kwanini hawakuichukua ngozi yake wakaidabighi (yaani kuitengeneza kwa dawa isioze) wakanufaika nayo, wakamwambia ni mfu, akasema kilichoharamishwa ni kumla tu. Suala la kuiuza kabla haijadabighiwa lina maelezo yake, hilo muulize shekhe wako.

Dalili: ukivuta manyoya yanakuja

Hii ndio namba moja, ndio inayoua ngozi nyingi kuliko zote, na ndio kipimo changu cha kwanza mtu akiniletea mzigo. Nashika manyoya machache kwa vidole viwili, navuta taratibu, naanzia kinenani, kwapani, tumboni na nyuma ya masikio, kwasababu uozo unaanzia huko kwenye ngozi laini na yenye joto. Yakigoma, ngozi ni nzima. Yakija kinenani tu, ngozi imeanza kuchoka, tia chumvi SASA HIVI wala usingoje jioni, pembeni patakatwa ila mgongo utabaki. Yakija mgongoni, achana nayo.

Chanzo ni bakteria. Ile sehemu inayoshika shina la nywele ni laini kuliko ngozi yenyewe, kwaiyo inaoza ya kwanza. Ngozi inaweza kuonekana safi kabisa kwa macho, haina hata harufu, kumbe shina limeshaachia. Alafu mnyama wa barabarani ana mambo mawili yanayoharakisha: hakuchinjwa, damu yote imebaki ndani, na matumbo mara nyingi yamepasuka. Kwenye jua letu la mchana hesabu masaa matatu au manne toka amekufa. Akigongwa usiku wa baridi unaweza kuikuta ngozi yake alfajiri bado nzima, mwezi wa saba mimi nimeshapata za namna hiyo zikawa nzuri tu.

Ila kosa kubwa zaidi linafanyika BAADA ya kuchuna. Mwaka wangu wa kwanza niliitwa kumfuata ndama aliyegongwa, nikawahi, nikamchuna vizuri mno, ngozi haina mkato hata mmoja, nikaikunja ikiwa bado ya moto nikaisokomeza kwenye kiroba cha salfeti nikaifunga nyuma ya bodaboda, njiani nikapitia kwa mtu tukaongea weee, nafika nyumbani naimwaga kile kiroba kina joto ukishika kama ugali uliofunikwa, naishika ngozi shingoni niivute, manyoya yote yamebaki mkononi mwangu, kiganja kizima. Nilikaa chini. Ngozi ilikuwa nzuri na mimi ndio nimeiua kwa kiroba.

Kwaiyo ukimaliza kuchuna itandaze kivulini upande wa nyama juu, ipoe kabisa, ndio mambo mengine. Kama unasafiri nayo, ibebe ikiwa wazi kwenye karai au itundike, na kama una chumvi ipake hukohuko porini.

Dalili: tumboni kuna ukijani au weusi

Matumbo yamepasuka kwa ndani, uchafu umegusa ngozi kwa chini, kazi imeanza. Ukiwahi osha na maji safi ya baridi, chuja, kata ile sehemu ya tumbo yote bila huruma. Watu wanaogopa kupunguza ngozi, wanaacha lile eneo bovu alafu linaambukiza nzima. Ngozi ndogo iliyo nzima ina thamani kuliko ngozi kubwa yenye kidonda.

Dalili: mishipa imejichora, kuna madoa ya damu

Hiyo ni damu ambayo haikutoka. Kama umefika mnyama bado anapumua na mwenyewe yupo, achinjwe haraka, hilo ni bora kwa kila kitu, kwa mnyama mwenyewe asiteseke, kwa ngozi, na hata kwa nyama, ila nyama ipite kwa afisa mifugo kwanza. Akiwa ameshakufa damu imekaa kwenye mishipa na inavunda mapema, ile michoro inabaki mpaka kwenye ngozi iliyokamilika kama ramani ya mito.

Utakachofanya ni kuosha. Maji ya baridi, sio ya moto, osha upande wa nyama, kamua damu ya kwenye mishipa mikubwa kwa kidole ukielekea pembeni, ning'iniza ichuruze kama nusu saa, ndio chumvi. Damu ina madini ya chuma, na ngozi ikikutana na magome ya miwati baadae (ndio ya kudabighia ngozi), chuma na dawa ya magome vikikutana vinatoa weusi wa bluu ambao hautoki. Kwasababu hiyohiyo usitumie waya wenye kutu, pipa la chuma lililoliwa, wala misumari kwenye kuwamba. Nilikuwa nadhani ni imani za wazee, kumbe wana haki.

Pale penye damu iliyovilia nzito, ngozi yenyewe imepondeka. Osha, ila usimfiche mnunuzi, mwoneshe.

Dalili: mikwaruzo, matundu, mchanga umeingia ndani

Mnyama akiburuzwa kwenye lami anapoteza ule uso wa juu wa ngozi, ule wenye vinyweleo, ambao ndio sura ya kiatu au mkoba. Mkwaruzo unaouona kwa nje kama mchubuko mdogo, kiwandani wakishatoa manyoya unaonekana mara mbili. Kwaiyo mlaze, mgeuze, mwangalie pande zote mbili KABLA hujaanza kazi. Upande mmoja ukiwa umeburuzwa wote na ni mbuzi, mimi simchuni kwa ajili ya kiwanda, namuwazia mtu wa ngoma au wa kamba. Ng'ombe ni tofauti, ngozi yake ni kubwa na nene, upande mzima mmoja bado ni mali.

Tundu likiwa pembeni, shingoni au mguuni, halina shida. Likiwa katikati ya mgongo gredi inashuka papohapo. Usilishone ukiwa hujaikausha, na ukiwamba usivute kwa nguvu hapo maana tundu la shilingi linakuwa la sahani. Changarawe zitoe kwa maji na kidole, sio kwa ncha ya kisu.

Dalili: mikato ya kisu kila mahali

Hapa gari halihusiki. Unachuna umechuchumaa chini, kwenye majani, gizani, na tochi ya simu mdomoni, una haraka sababu watu wamejaa, lazima ukate. Mtundike mtini kama inawezekana. Fungua kwa mstari mmoja ulionyooka kuanzia shingoni kupitia tumboni mpaka mkiani, miguu ya mbele na ya nyuma, alafu weka kisu pembeni utumie ngumi. Mbuzi na kondoo wanachunika kwa ngumi karibu mwili mzima, unasukuma kati ya ngozi na nyama, mnyama akiwa bado ana joto inateleza yenyewe. Kisu chenye ncha ya mviringo, na kikali, maana butu ndio linakata vibaya kwasababu unalilazimisha. Mkato ambao haujatoboa nao unahesabika, kiwandani ngozi ikichongwa iwe nyembamba ule mkato unageuka tundu.

Dalili: nimetia chumvi lakini bado inanuka na inateleza

Naulizwa hili karibu kila wiki. Chumvi haifanyi uchawi, inavuta maji. Ngozi mbichi zaidi ya nusu yake ni maji, na bakteria wanaishi humo. Ikishindwa, sababu inakuwa moja kati ya hizi.

Chumvi kidogo. Kwa kila kilo 10 za ngozi mbichi tia kilo 4 mpaka 5, ndio, nyingi hivyo. Ngozi ya mbuzi ya kilo mbili inakula karibu kilo nzima. Watu wananyunyiza kama wanaunga mchuzi. Chumvi iwe ya mawe, imesagwa wastani, ile ya unga wa mezani inaganda juu haizami, na yenye mabonge makubwa inaacha nafasi katikati.

Nyama na mafuta yamebaki. Chumvi haipiti kwenye mafuta, hasa kwa kondoo mwenye mkia mnene. Para mpaka uone weupe.

Haikupoa, tumeshaongea.

Imekunjwa pembeni. Kingo, masikio, mkia na kwato zinaficha uozo. Kata masikio na mkia, nyoosha kingo zote kwa mikono, paka chumvi mpaka mwisho kabisa.

Maji hayana pa kwenda. Ukitandaza kwenye sakafu iliyo bapa ngozi inaogelea kwenye maji yake machafu. Weka mahali penye mteremko kidogo, au juu ya vibao, upande wa nyama juu, nyingine juu yake. Siku ya pili utaona maji yamechuruzika, kung'uta chumvi ya zamani, paka mpya. Mbuzi baada ya wiki moja anakuwa tayari, ng'ombe mpe wiki mbili mpaka tatu.

Harufu ya kukatakata pua kama ya mkojo wa zamani ikishatoka, hiyo haitibiki kwa kuongeza chumvi. Pima manyoya, ukikuta yanaachia usiendelee kuiunguza hela yako.

Dalili: madoa ya rangi ya waridi au mekundu upande wa nyama

Hawa ni bakteria wanaoipenda chumvi, wanatoka nayo baharini, na wanashamiri kwenye stoo yenye joto na unyevu. Watu wa chumvi ya pwani wanawajua. Chanzo kikubwa ni kurudia chumvi iliyotumika. Najua inauma kuitupa, bei ya chumvi imepanda, lakini ile chumvi ina damu na vijidudu vya ngozi iliyopita. Ukiwahi, piga brashi madoa yote, tupa chumvi, tia mpya safi, peleka mahali pa baridi, uza haraka. Kuzuia, wazoefu wanachanganya magadi soda ya unga kama kilo 2 kwenye kila kilo 100 za chumvi, na inasaidia kweli.

Dalili: niliianika juani ikakauka vizuri, kiwandani wakasema imeyeyuka

Ngozi mbichi yenye maji inaanza kujikunja na kugeuka gundi kwenye joto la karibu nyuzi 60, na jiwe, bati au lami ya saa saba mchana inafika huko. Inakauka nje haraka, ngumu kama mbao, ndani imefungia maji na uozo. Huoni kitu. Ikilowekwa kiwandani inatoka malengelenge au inaachana tabaka mbili. Ndio maana wanunuzi hawaziamini ngozi zilizoanikwa chini.

Kama huna chumvi iwambe: fremu ya miti minne, toboa matundu madogo kwenye kingo kabisa, funga kamba za katani, vuta kwa usawa pande zote bila kuikaza kama ngozi ya ngoma maana itajivuta yenyewe ikikauka. Isimamishe kivulini penye upepo. Siku mbili tatu za kiangazi zinatosha kwa mbuzi.

Dalili: vitundu na unga unga baada ya wiki kadhaa stoo

Wadudu. Funza wadogo wenye manyoya manyoya wanakula ngozi kavu, hasa zilizobaki na minofu. Zinyanyue toka chini, piga fimbo kila wiki, geuza, na usikae nazo mwezi wa pili unasubiri bei. Bei ya ngozi ikikaa haikui, nimejifunza kwa hasara.

Dalili: ngozi ni nzima lakini mnunuzi anaiita rijekti

Mara nyingine ana haki: makovu ya kupe, chapa iliyochomwa katikati ya ubavu, mapele ngozi, ndui ya mbuzi, hivyo vilikuwepo kabla ya ajali na ukinyoa kidogo pale penye shaka utaviona mwenyewe. Mara nyingine ni namna ulivyopeleka. Ukichanganya kumi nzuri na mbili mbovu zote zinapewa bei ya zile mbili, mimi limeshanikuta, yadi moja ya wanunuzi wa ngozi ikanilipia mzigo mzima kwa gredi ya chini kwasababu ya ngozi mbili zilizokuwa juu. Zitenge nyumbani kwako, mbovu ziuze peke yake. Mwambie ukweli kwamba ni ya ajali, kwasababu akishaona mwenyewe mishipa ya damu hatakuamini hata kwa zile zilizochinjwa. Na usisahau kibali cha kusafirisha kutoka kwa afisa mifugo kabla hujapakia kwenye basi, ukisimamishwa kizuizini bila karatasi mzigo unalala juani na tumerudi kule kwenye manyoya kunyofoka.

Kwa zile zenye mikwaruzo ambazo kiwanda hakizitaki, tafuta mafundi ngoma. Wao hawajali sana sura, wanajali ngozi iwe na unene ulio sawa na isiwe na tundu katikati. Ila HAWATAKI yenye chumvi, kwasababu chumvi inavuta unyevu wa hewa na ngoma inalegea kila mawingu yakitanda, inabidi iote moto kila saa. Kwaiyo uamuzi wa nani utamuuzia ufanye palepale kando ya barabara ukishamgeuza mnyama pande mbili: upande wote mzuri, chumvi, umekwaruzwa lakini katikati ni pazima, fremu na kivuli. Fundi ninayempelekea mimi huwa anaishika ngozi kavu kingoni, anaipiga kwa kucha ya kidole cha kati akiwa ameiweka karibu na sikio, ikilia kavu analipa hapohapo, ikitoa sauti ya bubu anarudisha bila maneno, na huwa simbishii.